Barua ya Wazi kwa Mwenye Mizani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Michezo,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na umeshiba.

Jumatatu hii tena, saa kumi na mbili alfajiri, tulipanga foleni kwenye korido, soksi mkononi. Mwenzangu alikuwa akitema mate kwenye kikombe mpaka zamu yake ikafika. Mimi nilivua hereni. Kocha akatangaza kilo kwa sauti, msaidizi akaandika ubaoni, na aliyeongeza nusu kilo akatazamwa kama mwizi wa kuku.

Kocha hupenda kunitajia Mkenya mwenzangu Henry Rono, aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Nilimuuliza Rono alikuwa na kilo ngapi siku zile. Hajui.

Ombi langu ni hili: skolashipu yangu ipewe mizani. Ishonewe jezi isiyoziba kioo, na namba ibandikwe kwa pini nne. Siku ya mbio za nyika muibebe hadi kwenye mstari, taratibu, isije ikapoteza gramu. Bunduki ikilia, muiache. Kilomita 6 ni nyingi kwa asiye na miguu, lakini kocha atakuwa pembeni akiipigia zile kelele zetu: “Wepesi! Wepesi!” Ikifika kesho yake, waandishi waiulize siri ya mafanikio. Itajibu bila kuona haya kwamba haili.

Pia, ubao ufutwe. Mkate urudi mezani. Sauna ipewe likizo.

Mezani kwenyewe tunaviziana: huyu akisukuma wali pembeni, yule anaacha na kuku. Hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuweka uma chini. Mimi sijaona hedhi miezi saba. Mfupa wa muundi umeingia ufa. Nilipokuja na magongo, kocha aliniambia nimependeza! Mnajua mnachofanya. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya siku 33 wakijikamua jasho ili wafikie uzito, ndipo sheria zikabadilishwa, za mieleka. Sisi wa mbio labda bado hatujafa vya kutosha.

Uniwie radhi, Mheshimiwa. Njaa haina adabu, na hii ni ya tangu jana mchana.

Jumatatu ijayo nitafika mapema, kama kawaida.

Wako mtiifu,
Kilo 46.3 (bila hereni)