Yah: Ombi la Kusafirishwa kama Pembe ya Ndovu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Ipuli, Manispaa ya Tabora, mwenye afya njema hadi naandika barua hii. Nimeona niombe mapema, maana nikishazidiwa sitakuwa na muda wa kufuata taratibu. Naomba siku hiyo ikifika nisafirishwe kwa viwango vilivyotumika hapa Unyanyembe karne ya 19 kwa pembe za ndovu.

Sababu ninazo. Pembe ilipimwa kwa frasila. Ilikabidhiwa mpagazi anayefahamika, chini ya kirangozi (kiongozi wa msafara) anayefahamika, na Bagamoyo ilipokelewa na mtu aliyejua anapokea nini. Mpagazi wa Kinyamwezi naye hakuokotwa njiani. Alianza utotoni na mzigo mdogo, akakua hadi kubeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee. Ukimwongezea asichokubali, anautua mzigo na msafara unasimama. Hivyo ndivyo viwango vya kazi, Mheshimiwa, na havikuandaliwa kwenye warsha. (Najua misafara hiyohiyo ilifunga watu minyororo. Ndiyo maana naomba nafasi ya pembe, si ya binadamu.)

Sasa tuje kwenye gari la wagonjwa. Kwa mbele halina neno: lina usajili, dereva ana leseni, king'ora kinawaamsha hata wasiougua. Matatizo yako nyuma. Niliwahi kumsindikiza jirani kutoka kituo ambacho sitakitaja. Nesi wa watu alitolewa wodini katikati ya zamu. Mkono mmoja ameinua chupa ya dripu kwa sababu ndoano ilishakatika, mwingine ameng'ang'ania bomba la darini asituangukie. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, tena umejaa. Spana ya kuufungulia ilikuwa ofisini kwa mtu, na mtu yuko semina. Tulipofika, aliyetupokea akauliza mapigo ya moyo yalikuwaje njiani. Nesi akanitazama mimi, mimi nikamtazama dereva.

Simlaumu dada yule. Alisomea uuguzi, hakusomea kumhudumia mtu ndani ya gari linaloruka matuta. Yeye Baraza la Uuguzi na Ukunga linamjua. Daktari aliyekuwa anatusubiri, Baraza la Madaktari Tanganyika linamjua. Ila zile dakika za barabarani ni za nani? Anayezisimamia apimwe kwa mtihani upi, na akiharibu afutwe kwenye daftari gani?

Nisiwe mtovu wa shukrani. Tuna namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, mliyoizindua kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ni kazi nzuri, na hata dereva wa mtaani anayeitwa usiku ameandikishwa mapema na analipwa kwa simu. Mzee wa miaka sitini aliyebanwa kifua tumemshauri ajitahidi kupata mimba.

Mtu anaweza kusema viwango ni mambo ya Ulaya. Lakini msafara wa mgonjwa uliotunzwa vizuri kuliko yote ulipita hapahapa. Mwaka 1873 watumishi wa mmisionari Livingstone, yaani Chuma, Susi na wenzao, walimbeba kutoka kijiji cha Chitambo. Mwenzao Jacob Wainwright aliorodhesha mali za bwana huyo. Walipofika Unyanyembe, mpelelezi Mwingereza Cameron akawashauri wamzike hapahapa. Wakakataa, wakamfikisha Bagamoyo Februari 1874. London wakamtambua kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba zamani. Makabidhiano safi kabisa, na hakuna aliyetazamana na dereva. Tatizo ni kwamba mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu mwanzo wa safari, na sisi wa Ipuli tungependa huduma ya namna hiyo ianze kidogo kabla ya hapo.

Wala siombi makubwa. Idara ya magonjwa ya dharura ya Muhimbili ipo tangu 2010, kwa hiyo walimu hawakosekani. Kozi ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani haizidi wiki moja. Kuna semina za spana zinazochukua muda kama huo. Tuanze na karatasi moja ya makabidhiano: saa ya kuondoka, presha, mapigo, alichopewa mgonjwa, na jina la aliyempa pamoja na namba ya cheti chake. Hicho cheti kikiwa bado hakijatungwa, nafasi iachwe wazi, ila iwepo, ili kila anayejaza aone aibu.

Naambatanisha picha mbili za pasipoti na uzito wangu, frasila nne na nusu. Natambua huo ni mzigo wa wapagazi wawili na zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Ipuli

Nakala: Mwenyekiti, kijiwe cha bodaboda, Ipuli – kwa utekelezaji, endapo majibu yatachelewa.