Uainishaji wa Vitabu Adimu vya Lopur, Pamoja na Maadui Wao

Mabingwa wa fani hii wanashikilia kwamba kitabu adimu ni kitabu kizee. Kikishakula chumvi ya kutosha hupewa chumba chenye kiyoyozi na mlinzi asiyecheka, na anayetaka kukiona huandika maombi. Ufafanuzi huo ukifikishwa Lopur, wadi jirani na Kakuma katika Turkana Magharibi, haufiki saa nne asubuhi bila kuvunjika. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza kanuni mpya: uadimu ni idadi ya wasomaji wanaosubiri, igawanywe kwa nakala zilizopo, kisha izidishwe kwa umbali wa duka la vitabu lililo karibu.

Kiumbe tunayemchunguza ni mtunza vitabu. Kwa kawaida huwa ni mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo ya vitabu juu ya vipindi vyake vya Hisabati. Hutambulika kwa vumbi la mabegani na kwa tabia ya kuhesabu rafu kila anapotoka. Vitabu anavyovilinda vimegawanyika katika ngeli tano.

Ngeli ya kwanza: Adimu kwa umri

Hapa ndipo mabingwa wetu wangefurahi. Msafara wa Teleki na von Höhnel ulifika Ziwa Turkana mwaka 1888, na simulizi ya Höhnel ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1894, juzuu mbili. P. H. Gulliver alichapisha utafiti wake wa awali kuhusu Waturkana mwaka 1951. Mwaka 1958, gazeti la The Observer la London lilichapisha barua ya wafungwa wa Lokitaung, waliokuwa wamefungiwa huku kaskazini pamoja na Jomo Kenyatta. Sifa kuu ya ngeli hii ni kwamba inaihusu Turkana na haiishi Turkana. Mwanafunzi akiuliza kama kitabu cha Höhnel kipo, jibu sahihi kitaalamu ni ndiyo, kipo. Swali la pili ndilo huleta huzuni.

Ngeli ya pili: Adimu kwa foleni

Hii ndiyo ngeli tajiri kuliko zote. Inajumuisha setbuku za fasihi: Nguu za Jadi, Bembea ya Maisha na Mapambazuko ya Machweo. Uhai wake ni mfupi na mkali. Huanza kuwa adimu Kidato cha Tatu, hufikia kilele wiki ya mwisho kabla ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, na siku vitabu vipya vinapoteuliwa hufa ghafla. Chozi la Heri na Kigogo, ambavyo miaka michache tu iliyopita viliazimwa kwa kuacha kitambulisho, sasa vinazuia mlango usifungwe na upepo.

Kwenye ngeli hii ndipo tulipoona upasuaji ambao haumo katika mwongozo wowote wa uhifadhi. Nakala ya Bembea ya Maisha ililazwa juu ya dawati, ikakatwa kwa wembe penye mwanzo wa kila onyesho. Kila kipande kilitobolewa pembeni, kikashonwa kwa shazia na uzi uliofumuliwa kutoka kwenye gunia, kisha kikavikwa jalada la katoni ya sabuni. Mwenye onyesho la kwanza akimaliza, humpa jirani na kuchukua la pili. Mhifadhi wa London angezimia. Kwa kanuni yetu lakini, nakala moja imezaa nakala kadhaa bila shilingi kutoka, na uadimu umeshuka kwa kugawanya tu.

Ngeli ya tatu: Adimu kwa kufiwa na mtaala

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na KCPE, mtihani wake wa Darasa la Nane, ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Vitabu vya Darasa la Nane viligeuka mabaki ya kale usiku mmoja. Mtunza vitabu mwenye busara huweka viwili vitatu kando, akijua kwamba mwanahistoria wa mwaka 2080 atavitafuta kwa tochi. Asiye na busara huvikabidhi kwa muuza njugu, ambaye naye, kwa haki, huvisambaza kwa watu wengi kuliko maktaba ilivyowahi kufanya.

Ngeli ya nne: Adimu kwa lugha

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia na Burundi wamekuja na lugha zao. Kitabu cha Kidinka au riwaya ya Kiamhari isiyo na jalada huingia rafuni kwa njia zisizoelezeka. Melvil Dewey, aliyeipa elimu yote ya dunia namba mwaka 1876, hakutuachia namba ya kitabu ambacho mtunzaji wake hawezi kukisoma. Suluhisho la kienyeji ni kukipanga kwa rangi. Mwenye lugha akitokea, hukitambua kutoka mlangoni.

Ngeli ya tano: Adimu kwa kutotakiwa

Hivi ni vitabu vya msaada: mwongozo wa kodi wa jimbo fulani la Marekani, au juzuu ya tisa ya ensaiklopidia iliyoachana na ndugu zake. Turkana nzima haina nakala nyingine. Lakini wasomaji wanaosubiri ni sifuri, na sifuri ukiizidisha hata kwa umbali wa Nairobi haitikisiki. Kanuni imepita mtihani wake.

Maadui

Lamu, mswada wa kale huuawa na unyevu. Lodwar na Kakuma hewa kavu huinyima kuvu unyevu, ila joto huikausha gundi hadi uti wa kitabu ukapasuka, na jua huibadili karatasi kuwa rangi ya chai. Mchwa huanza na rafu ya chini, bila upendeleo wa masomo. Selotepu huja kama tabibu na kuondoka kama ugonjwa, ikiacha doa la kahawia. Wa mwisho ni mtahiniwa, anayepigia mistari kila sentensi, hivyo kwamba hakuna iliyopigiwa mstari.

Hitimisho na pendekezo

Mwaka 1931 Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi, nzuri sana, kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwaka huohuo Ranganathan wa India alichapisha sheria zake tano za ukutubi, ya kwanza ikisema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Miaka hii yote baadaye, Lopur imechagua upande wa Ranganathan, pengine bila kumsikia.

Tatizo limebaki kwenye fomu ya mkaguzi. Ina safu tatu: nakala zilizopo, zilizopotea, zilizoharibika. Bembea ya Maisha ya vipande, iliyopita mikononi mwa darasa zima hadi herufi zikafifia, huandikwa katika safu ya tatu, na mtunzaji huulizwa maswali kana kwamba alilala kazini. Tunapendekeza safu ya nne, zilizosomwa zikaisha, na mtunza vitabu anayeongoza ndani yake apandishwe cheo.