Kutu Apewe Haki Yake

Wapiga enanga wa Buhaya wamewaimba mashujaa wengi: Rukiza, Kachwenyanja, hata Mugasha mwenyewe. Sijasikia aliyekaa jioni na kibuyu chake cha rubisi akamwimbia Kutu. Hiyo ni dhuluma. Mikuki ya hao mashujaa wote, iliyosifiwa mpaka majogoo, nani aliyeimaliza? Na aliimaliza bila ngoma wala baragumu. Sisi Wahaya, nshomile, tunasemwa nchi nzima kwamba tunapenda kujisifu. Kutu ndiye mwenzetu pekee ambaye hajawahi kutamka neno moja juu ya kazi zake. Basi acha nimsemee mimi, fundi wa kujifurahisha, mwenye kibanda uani nyuma ya migomba, jiliwa moja, tupa za kutosha, na madebe ya vyuma ambavyo mama watoto anaviita takataka.

Kwetu mtu hasifiwi kabla hajaulizwa ukoo. Baba yake Kutu ni hewa, yaani ile sehemu moja katika tano tunayoihitaji kupumua. Mama yake ni maji. Akikosekana mmoja, mtoto hazaliwi: jangwani panga linaweza kulala nje muda mrefu likabaki linang'aa. Lakini toka Kaagya hadi Muleba wazazi wote wawili wapo, na hawajawahi kugombana. Upepo unatoka mashariki, unavuka Ziwa Victoria ukijibebea unyevu, unafika ufuko wetu wa magharibi na kuutua mzigo. Ndiyo maana Bukoba mjini hupata kama milimita 2000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifikii hata theluthi ya hizo. Wazee walisema ziwa na dhoruba ni mali ya Mugasha. Ikifika Aprili, mwenye karakana haoni sababu ya kuwabishia.

Sasa tutazame bidii yake. Mimi nikipata homa, kazi inalala. Umeme ukikatika, grenda inanyamaza. Kutu hajui sikukuu, hajui mgao wa umeme, na habagui: tupa iliyotoka Ujerumani na panga la mnadani anazihudumia kwa moyo uleule. Bati analiheshimu kidogo, kwa sababu limepakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Kutu hana haraka. Anaanzia kwenye tundu la msumari, anasubiri zinki iishe, halafu anaendelea na safari.

Ana pia kipaji cha upelelezi ambacho sijaona akisifiwa nacho. Chukua kipande cha chuma, kisugue kwa msasa laini mpaka ukione uso wako, halafu kishike kwa kidole gumba chenye jasho na ukiweke mezani usiku mmoja. Asubuhi gumba lako limechorwa pale kwa rangi ya chungwa, mistari yote ipo, hata kovu. Patasi zangu zikikaa vibaya, sihitaji kuwahoji watoto. Nazisogeza dirishani, nasoma.

Wasiompenda huniuliza kwa nini basi nina ndoo ile ya kumfukuza. Nayo ni ndoo ya kawaida ya plastiki, yenye maji yaliyokorogwa na magadi, magadi yaleyale ya kupikia maharage. Pembeni nimesimamisha vipande vya nondo vilivyofungwa pamoja kwa waya, vinakwenda kwenye upande chanya wa chaja ya betri ya gari. Katikati kinaning'inia chuma chenye kutu, mgonjwa wetu, kimeunganishwa na upande hasi, bila kugusana na nondo. Ukiwasha, kwanza unadhani hakuna kitu. Kisha mapovu madogo, madogo sana, yanaanza kupanda kutoka kwenye mgonjwa kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Baada ya saa moja juu ya maji kuna povu la kahawia, zito, unaweza kulikata kwa kijiko. Mapovu hayo yana hidrojeni, kwa hiyo sigara ibaki mbali na mlango uwe wazi. Na usije ukaweka chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maana maji yatageuka sumu. Jioni unakitoa chuma chako: cheusi, kina utelezi. Unakipitishia burashi ya waya, na herufi za kiwandani ambazo hukujua kama zipo zinajitokeza moja moja.

Hapo ndipo ukarimu wa Kutu unapoonekana. Nenda kanawe mikono, urudi. Ameshafika. Ukungu mwepesi wa njano umetanda juu ya chuma ulichokihangaikia mchana kutwa, kana kwamba mgeni amekuta kiti kimefutwa vumbi akajua kimeandaliwa kwa ajili yake. Ni lazima umkaushe mgonjwa upesi, umpake oili chafu, ndipo uzungumze mengine. Asingekuwepo Kutu, nani kati yetu angepaka vifaa vyake mafuta? Tungevitupa tu pale tulipomalizia kazi, tuwe wachafu mpaka kaburini.

Nimsifu pia kwa kujenga ujirani. Mlango ukifunguka vizuri hakuna anayekuja kuuangalia. Nati ikigoma kwenye gurudumu la baiskeli, kijiji kinajaa uani. Mmoja anashauri dizeli na mafuta ya taa, mwingine oili ya breki, kijana wa bodaboda anaapa kwa Coca-Cola. Mwingine anataka tuipashe moto kwanza halafu tuiguse na mshumaa, nta iyeyuke iingie kwenye hesi. Na huyo, nakiri, ana akili, kwa sababu nta hunywewa kweli. Mzee mmoja jirani alitutazama tukihangaika na spana, bomba limechomekwa kwenye mpini ili tupate nguvu zaidi.

"Waitu, taratibu," akasema. "Mtakata bolti."

"Tufanyeje, tata?"

"Mwekeeni mafuta, mrudi kesho. Huyo hapendi kusukumwa."

Bolti ilikatika dakika ileile. Mazungumzo yaliendelea mpaka giza.

Lakini sifa yake kubwa iko ardhini. Mawe yenye chuma ambayo wahunzi wa zamani waliyachimba nchi hii ni nini, kama si kutu iliyokaa udongoni muda mrefu? Chuma kimefungamana na hewa, basi. Kazi ya tanuri ilikuwa kuwaachanisha. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alifuata maneno ya wazee hadi Katuruka, Maruku, akachimba karibu na mti mtakatifu wa Kaiija, na kukuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Baadaye yeye na Donald Avery waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma wajenge tanuri tena: shimo lenye nyasi za kinamasi zilizochomwa, mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Mwaka 1978 waliandika habari hiyo katika jarida la Science. Dunia ilishangaa. Kutu hakushangaa, maana ndiye aliyekuwa akitupwa kwenye moto huo kwa vizazi na vizazi, na kila jembe lililotoka humo alijua litarudi kwake.

Pale pale Katuruka, masimulizi yanasema, mfalme, Mukama Rugomora Mahe, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona kuna nini huko. Mnara ukaanguka. Msomi akiulizwa kama uliwahi kusimama, atataka ushahidi. Mimi shahidi ninamjua, tatizo ni kwamba ameula ushahidi. Wafaransa nao walisimamisha mnara wao Paris mwaka 1889, zaidi ya tani 7,000 za chuma, na tangu hapo wanaupaka rangi karibu kila baada ya miaka saba, tani 60 hivi kila zamu. Wanaita utunzaji. Nionavyo mimi ni kodi, na anayelipwa mnamjua.

Hata silaha tunazomkabili nazo ni zake. Ile rangi nyekundu ya chini wanayopaka mageti kabla ya rangi yenyewe imekolezwa kwa oksaidi ya chuma, ambayo ni yeye aliyesagwa akakaushwa. Unga mwekundu wa kung'arishia dhahabu na vioo vya darubini ni yeye. Ukiielekeza darubini hiyo kwenye Mirihi, wekundu utakaouona umetokana na vumbi lake.

Kuna jambo moja tu ambalo wafanyabiashara hawajamtendea haki. Chuma kikigeuka kutu hakipungui, kinanenepa: kilo moja ya chuma, ikishaliwa yote, hutoa karibu kilo moja na nusu, kwa sababu hewa nayo imeingia kwenye hesabu. Ni ugonjwa pekee ninaoujua unaomwongezea mgonjwa uzito. Kwa hesabu hiyo madebe yangu ni akiba inayokua yenyewe, na nilimweleza hivyo mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mizani yake ya kuning'iniza. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaokota ekseli ya mkokoteni, akaigonga kwa nyundo pande zote, magamba mekundu yakamwagika chini, ndipo akaitundika.

"Na hiyo iliyomwagika?" nikamuuliza.

"Hiyo nakuachia, mzee," akasema, akisoma mizani.