Siri Yetu Imevuja: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Soka

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Soka la Tanzania,
Popote mlipo, hasa mkiwa jukwaa kuu.

YAH: KUVUJA KWA SIRI YA LIGI KUU YA WANAWAKE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnywaji wa kahawa katika kijiwe kimoja cha Ilala, mahali ambapo upepo ukivuma vizuri unasikia filimbi ya Uwanja wa Karume. Sina cheo. Kadi ya uanachama ninayo, ya klabu moja kubwa ya Kariakoo, na ada yake nimewahi kuilipa mara moja. Naandika kwa sababu siri mliyotukabidhi, ambayo sisi wanaume wa vijiweni tumeitunza kwa uaminifu kwa kutokwenda kuiangalia, sasa imevuja. Sitaki baadaye isemwe ni sisi.

Nianze na pongezi. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Kuficha ligi nzima kwa miaka yote hiyo, yenye timu za Mwanza, Dodoma, Iringa na kwingineko, yenye makocha, waamuzi, jezi na mabasi ya kukodi, si mchezo. Ni rahisi zaidi kuficha ng'ombe katika chumba cha kupanga.

Na mmefaulu. Bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Majuzi nikiwa kwenye basi la Morogoro niliwauliza abiria wenzangu, tulipokuwa tunapita Mlandizi, pale pana sifa gani. Mmoja akasema ndipo yanapotoka maji ya Dar es Salaam. Mwingine akasema trafiki wa pale ni wakali, dereva apunguze mwendo. Bingwa wa nchi hakutajwa na mtu. Baada ya Mlandizi, JKT Queens wakachukua ubingwa mara 2 mfululizo, Simba Queens wakachukua mara 3, kisha wakaanza kupokezana: JKT msimu wa 2022/23, Simba 2023/24, JKT 2024/25. Nayaandika haya kwa faida ya majalada yenu, maana nilipouliza kijiweni bingwa wa wanawake ni nani, nilijibiwa kwa kishindo: Yanga. Yanga Princess, kama mnavyojua, hawajaugusa huo ubingwa hata mara moja.

Kwa hiyo mfumo unafanya kazi. Hata mimi nisingegundua lolote kama si mpwa wangu, ambaye ni winga wa kushoto na ana mdomo mrefu. Jumanne moja usiku akanipigia: "Mjomba, kesho tunacheza. Njoo basi hata mara moja." Nikauliza saa ngapi. Akasema ratiba inasema saa kumi, lakini ratiba ilipanguliwa juzi, ikapanguliwa tena jana, kwa hiyo nije tu saa nane nisubiri.

Nikaenda. Uwanja sitautaja, nisije nikavujisha zaidi. Getini mlinzi akanitazama kwa huruma. "Leo hakuna mechi, mzee. Kuna wasichana tu humo ndani." Nikamwambia ndio ninaowafuata. Huruma ikageuka mashaka, ikabidi nitaje jina la mama yake mpwa wangu ndipo nikaruhusiwa kupita. Kiingilio kilikuwa bure, na hapo nikawavulia kofia, waheshimiwa. Kitu cha bure hakitangazwi, na kisichotangazwa hakina mteja, na kisichokuwa na mteja ni halali kabisa kukigawa bure.

Ndani nilikuta timu mbili, waamuzi, kamishna wa mchezo na jua la utosi. Mechi ilikuwa haijaanza kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa halijafika. Wageni, waliosafiri usiku kucha kwa basi, wakapasha misuli, wakakaa, misuli ikapoa, wakapasha tena. Nilihesabu watazamaji nikapata 41, pamoja na muuza karanga na mimi mwenyewe. Gari lilipofika lilipigiwa makofi kuliko timu zote mbili.

Halafu mpira ukaanza, na hapo ndipo nilipoanza kuona hatari. Waheshimiwa, wale watoto wanacheza. Nilitarajia kuona ule mpira wa shuleni, wote 22 wanaukimbiza kama nzi na embe. Badala yake nikaona beki anapokea kwa kifua, anatulia, anapiga pasi ya mita 40 inayotua mguuni mwa mwenzake kama imetumwa kwa mjumbe. Mpwa wangu akamzunguka beki wa kulia mara ya kwanza, mara ya pili; ya tatu beki akamshika jezi, na muuza karanga akamwaga karanga. Matokeo 2–1. Kesho yake nilisaka habari gazetini nikaipata mwisho kabisa: mistari minne, chini ya tangazo la kiwanja kinachouzwa Chanika. Kiwanja kilikuwa na picha.

Mpaka hapo siri ilikuwa salama. Shida yetu iko nje ya mipaka.

Uvujaji mkubwa wa kwanza ulitokea Afrika Kusini, Oktoba 2021. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walialikwa kwenye mashindano ya COSAFA, ambayo ni ya nchi za kusini mwa Afrika. Mwalikwa kwa desturi zetu hula kidogo, husifu mboga, akaaga mapema. Hawa walikula, kisha wakaondoka na sufuria: Enekia Kasonga akaifunga Malawi kwenye fainali, 1–0, kikombe kikapanda ndege. Oktoba 2022 Serengeti Girls, mabinti wa chini ya miaka 17, wakatua India na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Wakaifunga Ufaransa 2–1 na kwenda robo fainali. Taifa Stars, kama mnavyofahamu, safari yao ya Kombe la Dunia bado iko kwenye hatua ya hesabu: sisi tukishinda, wao wakitoa sare, na wale wengine wakipokwa pointi.

Wino haujakauka, Simba Queens wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco, mwaka uleule, wakaingia nusu fainali na kumaliza wa 4. Julai 2025 Twiga Stars walikuwa hukohuko Morocco kwenye fainali za Afrika, mara yao ya pili baada ya ile ya 2010. Wakafungwa na Mali na Ghana, sawa, tukapumua. Lakini katikati Opa Clement akaifunga Afrika Kusini, iliyokuwa bingwa mtetezi, mechi ikaisha 1–1. Mwaka huohuo wanawake wetu wa futsal wakafika fainali ya Afrika na kufuzu Kombe la Dunia la Ufilipino. Futsal! Mchezo ambao kijiweni kwetu tulidhani ni aina ya sabuni.

Na mabinti wenyewe hawashikiki. Aisha Masaka aliondoka Yanga Princess akaenda Uswidi kuichezea BK Häcken, kisha akaelekea Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alipita hapohapo Yanga Princess, baadaye akatua Al Nassr ya Saudi Arabia. Nilipolitaja hili kijiweni, jamaa mmoja akaweka kikombe chini. "Al Nassr ya Ronaldo?" Nikamwambia hiyohiyo, upande wa wanawake. Akaniuliza huyo Clara alikuwa akicheza wapi siku zote. Nikamwambia hapa, Dar es Salaam, bure, ungeweza kwenda kwa miguu. Hakunisemesha tena mpaka magharibi.

CAF nao ni wavujishaji. Waliweka kwenye masharti yao ya leseni kwamba klabu inayotaka kucheza mashindano yao ya wanaume sharti iwe na timu ya wanawake. Baadhi ya viongozi wa klabu walilielewa sharti hilo kama mwenye daladala anavyoielewa mitungi ya kuzimia moto: haogopi moto, anaogopa trafiki. Timu ipo, imening'inizwa nyuma ya kiti, na siku ya ukaguzi inapanguswa vumbi.

Nije kwenye fedha, ingawa najua mada hii inawachosha. Mwaka 2021 Azam Media waliweka Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10 kwa ajili ya kuonyesha ligi kuu ya wanaume. Kwa upande wa pili, nilimuuliza mpwa wangu analipwaje. Akasema kuna posho, na posho ina tabia za mvua za vuli. Njumu zake, ya kulia na ya kushoto, hazikuzaliwa siku moja. Siwalaumu, natoa taarifa. Ila tazameni tena ile orodha ya mabingwa hapo juu. Tangu Mlandizi waondoke kileleni, kikombe kimekuwa kikilala kwenye nyumba mbili tu: moja ina Jeshi la Kujenga Taifa nyuma yake, nyingine ina klabu tajiri ya Kariakoo. Aliyekula hukimbia dakika 90 zote. Aliyesafiri usiku kucha akanywa chai ya mkandaa huanza kushika kiuno dakika ya 60, na sisi tulioko kivulini tunasema wanawake hawana pumzi.

Msemo mwingine tunaoutegemea sana vijiweni ni kwamba hawana watazamaji. Nawasihi msiuache, unatusaidia. Mechi haitangazwi kwa kuwa haina watu, nayo haina watu kwa kuwa haikutangazwa. Duara hilo likikatika mahali popote tumekwisha.

Kwa hiyo jihadharini sana na mambo machache niliyosikia yakinong'onwa na vijana wasio na nidhamu. Kuna wanaosema ratiba itoke mapema, na ikitoka isiguswe, ili viporo vibaki jikoni kwa mama zetu. Mkikubali hilo, watu watajua siku ya mechi. Wengine, hawa ndio hatari kuliko wote, wanasema mechi ya wanawake ichezwe kabla ya ya wanaume, uwanja uleule, tiketi ileile. Fikirieni: maelfu ya watu wamekwishafika mapema, wana vuvuzela, wana karanga, hawana pa kwenda, halafu mnawaletea Simba Queens na Yanga Princess mbele ya macho. Watu wakionja mara mbili, ya tatu wataidai. Hapo mtaifichia wapi?

Mimi mwenyewe, nakiri, nimeathirika. Jumatano iliyofuata nilijikuta naangalia saa. Iliyofuata tena nikambeba jamaa wa kijiweni, yule wa Al Nassr, akamtukana mwamuzi kuanzia dakika ya 10 hadi ya 90, ishara kwamba ameshakuwa mpenzi wa timu. Tulikuwa 43.

Naomba mnijulishe mechi ijayo ni lini. Mpwa wangu simu yake haina salio, na tovuti nilizotazama zina ratiba tatu zisizofanana. Nitafika saa nane kama kawaida, na mwavuli.

Wenu katika ujenzi wa soka,
Mnywaji wa kahawa, Ilala.

Nakala: Mlinzi wa getini. Mechi ilikuwepo.