Sketi ya Mawimbi

Katika mishono yote ya kroshia niliyopata kuiona ikifumwa, hapana ulio mwadilifu kupita ule wa mawimbi, wenye vilele na mabonde. Nao, kwa sababu ya uadilifu wake huo huo, uliitia fitina nyumba yangu ya Ngamiani, Tanga, kwa muda mrefu kuliko siasa na mpira vikichanganywa. Kanuni yake ni fupi. Mfumaji hupanda mlima kwa vitanzi vitano, kileleni akatia vitatu ndani ya kimoja, akateremka kwa vitano vingine, na afikapo bondeni akaruka viwili. Alichopewa na kilele ni viwili, alichonyang'anywa na bonde ni viwili; kwa hiyo kila wimbi lililoanza na vitanzi 13 litamaliza na vitanzi 13, hata uzi uishe dukani. Kwa blanketi la mtoto mchanga hiyo ni rehema. Kwa sketi ni balaa, maana mwanamke hakuumbwa kwa kanuni hiyo: Mola aliongeza pale alipopenda kuongeza, wala hakuona haja ya kupunguza mahali pengine ili hesabu ikae sawa.

Mke wangu aliazimu kumfumia binti yetu sketi ya namna hiyo, ya uzi wa pamba wa rangi tatu, aivae katika harusi ya binamu yake; na kwa kuwa mimi nilikula mshahara wa ukarani wa hesabu hata nikastaafu, nilitawazwa, bila ya kushauriwa, kuwa mhasibu wa sketi. Nilipothubutu kunong'ona kwamba madukani zimo sketi zilizo tayari, nilisomeshwa darasa refu: kwamba Waitalia wa nyumba ya Missoni, iliyoanzishwa mwaka 1953, walijipatia sifa duniani kwa milia ya mawimbi kama hiyo, lakini yao hufumwa kwa mitambo, na kwamba kroshia ya haki haijapata mtambo wa kuiiga sawasawa, ila mkono wa binadamu na sindano yenye ncha ya kulabu. Nikanyamaza. Mtu hashindani na mwanamke mwenye hoja na sindano kwa pamoja.

Kazi ilianzia kiunoni na kuteremka. Futi ya fundi cherehani ilisema kiuno ni inchi 29 na nyonga ni inchi 38. Mawimbi kumi, yaani vitanzi 130, yakatosha kiuno barabara. Mizunguko ikafuatana, nami kila jioni nilihesabu vitanzi 130, nikavikuta vyote 130, nikaidhinisha kwa moyo mkunjufu, kwani si kazi ya mhasibu kuuliza nyonga zitapita wapi. Kilichopatikana kilikuwa mfano wa foronya ya takia: kizuri cha kutazama, kimenyooka toka juu hata chini, na binti wa watu asingeweza kupiga hatua ndani yake.

Dawa ya kwanza ilikuwa ile ya mafundi cherehani, kuongeza ubavuni tu, kuumeni na kushotoni. Katika kitambaa cha kukata hilo ni jambo la busara. Katika mawimbi ni uasi. Mawimbi mawili ya ubavuni yakanenepa, manane yakabaki na wembamba wao, na milia iliyokuwa ikipanda na kushuka kwa adabu ikaanza kwenda mrama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mkekani akichambua mchele, na ambaye hajapata kuvaa sketi tangu kuzaliwa kwake, aliitazama, akaweka ungo chini, akasema:

"Mwanangu, ukimwongeza mmoja, waongeze wote. Hapo bondeni huruka viwili? Basi siku ya kuongeza, usiruke."

Maneno haya ya uadilifu kwa desturi husemwa katika mlango mwingine kabisa wa sheria, na aliyasema akinikazia macho mimi, jambo ambalo sikulipenda. Lakini hesabu yake haikuwa na kasoro. Wimbi lisiloruka bondeni hutoka na vitanzi 15 badala ya 13. Katika mzunguko mmoja sketi nzima ikafika 150. Shibiri moja chini yake ikafika 170, na 170, kwa vipimo vyetu, ndiyo nyonga hasa. Tukapongezana, tukanywa chai.

Siku ya kujaribu, binti yetu aliingiza miguu, sketi ikapanda mpaka mapajani, ikagoma. Kiuno cha inchi 29 kilikuwa na uhakika kamili wa kukaa kiunoni, ila kufika huko hakikuwa na budi kupita katika nyonga za inchi 38, nayo kroshia hainyumbuki kama soksi. Akajaribu kuivalia kichwani. Hapo mabega yakakataa, mikono ikabaki juu, na sauti ikatoka ndani ya mawimbi ikisema, "Mama, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma." Mama yake akavuta huku, nyanya yake akavuta kule, baina ya vicheko na istighfari, nami, kwa kuwa ni baba, nilitoka nikaenda barazani kungojea habari.

Ikafumuliwa. Ikaanza upya kwa kiuno kipana chenye kupitishiwa lastiki, nacho kikaleta shauri jipya, maana ukingo wa mawimbi nao ni mawimbi na lastiki hutaka njia iliyonyooka. Ikabidi pale palipobonyea pajazwe vitanzi virefu, mteremkoni vya kadiri, na palipoinuka vifupi, hata ukingo ukalala sawa.

Ikafuliwa, ikaanikwa kambani kwa vibanio. Pamba ikinywa maji huwa nzito, na uzito huvuta: iliyoanikwa ikifika chini kidogo ya goti ilianuliwa ikifika kifundoni. "Ingelazwa juu ya mkeka," alisema mama mkwe, baada ya tukio, kama ilivyo ada ya wenye hekima. Bahati ni kwamba kazi iliyoanzia kiunoni hufumuliwa kwa chini bila ya kudhuru kitu, basi mizunguko ikatolewa mpaka vifundo vikaonekana.

Harusini sketi ilisifiwa kupita bibi harusi, jambo ambalo halikumfurahisha mama wa bibi harusi. Wanawake wakaishika, wakaigeuza, wakauliza bei. Na mke wangu, pasi na kupepesa macho, akapokea maagizo yote kwa sharti moja, kwamba kila mtu alete vipimo vyake na hesabu ataifanya Bwana. Wa kwanza kuja barazani, asubuhi ya pili, alikuwa somo yake mke wangu, mama wa heshima zake, ambaye adabu hainiruhusu kuziandika hapa inchi zake, ila nitasema kwamba vitanzi 170 tulivipita kabla ya kikombe cha kwanza cha kahawa kwisha.