Daladala Niliyoinyonga Mwenyewe

Shangazi aliniambia kwa simu maneno mawili tu: panda daladala. Hakusema ina magurudumu mangapi, nami sikuona haja ya kuuliza. Hata sisi wa Kishapu daladala tunazijua. Tumeziona kwenye televisheni ya banda la mpira, zimeandikwa mbele ziendako, konda ananing'inia mlangoni kama popo.

Basi nikasimama stendi ya Shinyanga mjini, kiroba cha michembe ya viazi vitamu begani, jogoo wa shangazi kafungwa miguu, natafuta gari lililoandikwa Ngokolo. Jua la Shinyanga halina utani wala huruma. Nusu saa ikapita. Akaja mzee mmoja na baiskeli, keria imefungwa kiti cha sponji chenye nakshi ya uzi mwekundu.

"Daladala?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, daladala."

"Marahaba. Panda."

"Hapana mzee, nasubiri daladala."

"Si ndiyo hii?"

Nikachungulia nyuma yake, labda gari limejificha. Hapakuwa na gari. Mzee akapiga kengele mara mbili, kama anayenionyesha cheti chake.

Baadaye nilielewa. Jina hili lilizaliwa Dar es Salaam, watu walipokuwa wakilipa nauli kwa sarafu ya shilingi 5, ile waliyoiita dala. Likapanda bara na kufika kwetu, ila injini likaiacha njiani. Shinyanga daladala ni baiskeli ya abiria, na kwa mji uliolala tambarare kama ulivyolala huu, sioni kosa lolote. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Mzee yule alikuwa rika la baba yangu mdogo. Kwetu kijana hakai kitini huku mtu wa umri ule akitoka jasho kwa ajili yake; habari hiyo ingefika kijijini kabla sijafika Ngokolo. Tulikwenda hatua chache, nikasikia anavyohema, nikaruka chini.

"Mzee, nipe ninyonge mimi."

Akanitazama, akatazama baiskeli. Hakubisha hata kidogo. Akakaa kwenye sponji, akampakata jogoo, kiroba tukakifunga kwenye fremu, nikaanza kunyonga. Yeye akawa anaelekeza kwa sauti ya bwana mkubwa: kushoto, shika breki, mpishe huyo mama. Karibu na soko msichana mmoja akaita, "Daladala!" Nikafunga breki. Mzee akajibu kutoka nyuma bila kushuka: "Imejaa!"

Mlangoni kwa shangazi akateremka, akanikabidhi jogoo, akanyoosha mkono. "Mia tano."

"Mzee, si nimenyonga mimi?"

"Nauli ni ya baiskeli, kijana. Kunyonga umependa mwenyewe."

Nikalipa. Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, na jioni akamchinja jogoo, abiria pekee wa safari ile ambaye hakudaiwa kitu.

Miaka miwili nikakaa Shinyanga, nikajiona mtu wa mjini. Ndipo ndugu mmoja akaniitia kazi ya ukarani kwenye karasha huko Katoro, mkoa wa Geita. Karasha, kwa asiyejua, ni mashine inayosaga mawe ya wachimbaji wadogo yatokayo maduarani, yaani mashimoni, kisha unga wake unapelekwa mwaloni kuoshwa, na hapo ndipo mtu anajua kama ameshika utajiri au ameshika tope. Nikaenda kuaga nyumbani. Mama akanipa kiroba kingine cha michembe, cha bosi. Babu akanipa sweta.

"Pale Kigongo," alisema, "foleni ya kivuko inaweza kukulaza. Na ziwani kuna upepo. Beba na chakula."

Babu alivuka pale kwenda Busisi mara nyingi ujanani, na kila alichosema kilikuwa kweli ya wakati wake. Nikabeba mayai sita ya kuchemsha. Gari la kwenda Geita lilipopinda Usagara nikamwomba konda aniamshe kivukoni. Akaitikia huku anachezea simu. Tulipoanza kuona maji nikajua saa imefika, nikaanza kuvaa sweta. Shingo ilikuwa nyembamba, kichwa kikagoma, nikahangaika humo ndani gizani kwa muda. Nilipochomoza, ziwa lilikuwa limeisha.

"Konda, kivuko bado?"

"Kivuko cha nini, kaka? Tuko Busisi."

Lile daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nami niliishi na redio ndani ya nyumba, nikaisikia habari hiyo vizuri kabisa. Lakini sweta ilitoka kwa babu, na neno la babu hulifuti kwa taarifa ya habari. Nilikula mayai yote sita kabla ya Sengerema, kwa hasira, na jirani yangu wa kiti akafungua dirisha.

Geita mjini nilifikia kwa rafiki. Asubuhi akaniambia nipande mchomoko mpaka Katoro. Safari hii nikauliza: una magurudumu mangapi? Manne, akasema. Nikaridhika, kumbe swali la kuuliza lilikuwa watu wangapi. Mchomoko ni gari dogo ambalo mtengenezaji alilikusudia watu watano. Mbele tulikuwa wanne, mmoja kakalia nusu ya kiti cha dereva, gia ikipita katikati ya magoti yake. Nyuma sikuhesabu. Mimi na mama mmoja na ndoo ya dagaa tuliwekwa kwenye buti, tunatazama tulikotoka. Nikamweleza dereva kwamba kiroba ni cha karasha fulani, akitunze.

Njiani gari likasimama. "Mbele kuna trafiki," dereva akasema. "Wa buti na wa ziada, shukeni, tembeeni kama mnakwenda shamba. Nawachukua kule kwenye mwembe."

Wenzangu walitembea kama watu wanaokwenda shamba. Mimi nikawa mtu wa shamba kwelikweli. Palikuwa na bibi analima mihogo kando ya barabara, na kwetu humpiti mtu mzima na jembe mkononi kama unampita mti.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wana wane."

Salamu ya Kisukuma haina njia ya mkato. Mhola? Mhola. Nyumbani? Mhola duhu. Kwenu wapi? Kishapu. Kishapu ipi? Akamtaja mjomba wake aliyeolea huko, tukamtafuta mjomba huyo koo kwa koo mpaka tukampata. Nilipogeuka, chini ya mwembe palikuwa na mbuzi peke yake. Mahali pangu kwenye buti palikuwa pameshapata mwenyewe.

Nikafika Katoro kwa bodaboda, nimejaa vumbi. Dereva alikuwa mwaminifu: kiroba alikifikisha karasha. Tatizo ni kwamba Katoro kiroba kizito kilichoshonwa mdomo ni mawe, na kikishushwa karasha hakuna mtu atakayeuliza kama ni viazi. Nilikuta mzee mmoja wa duara ameshika chembe juu anaigeuza juani. Akailowesha kwa mate, akanyamaza kidogo.

"Jiwe hili lina sukari," akasema.

Ndoo ya kwanza ilikuwa imeshaingia kwenye mashine. Bosi amesimama upande wa pili anatazama unga mweupe unavyotoka, uso wake kama wa mtu anayeona muujiza na kuuogopa. Nikapaza sauti nikiomba wazime. Unga ule haukulika, maana karasha ile imepitisha mawe ya nusu ya wilaya. Kilichobaki tulikila chote siku hiyohiyo na chai ya rangi, na mzee wa duara ndiye aliyekula zaidi, akidai bado anachunguza.

Kazi yangu ya kwanza ya ukarani ikawa kuandika mzigo huo daftarini, kwa amri ya bosi. Kiroba 1, kutoka Kishapu. Mwenye mali: karani. Dhahabu: hakuna.

Bado naishi Geita mjini na bado napanda mchomoko kila asubuhi, na kwa kuwa mimi ni mwembamba wananiweka buti. Ukiwa kwenye barabara ya Katoro ukaona mtu anakwenda kinyumenyume ndani ya gari, anakupungia mkono na kukuuliza habari za nyumbani, usishangae. Itikia haraka, kabla hatujapinda kona.