Mwongozo kwa Kisamaki cha Kijito Anayetafuta Parseli Goma

Ndugu kisamaki, tumesikia umechoka na maisha ya milimani na unataka kuhamia mjini kama wengi waliokutangulia. Karibu. Kwa kuwa huna mkubwa wa kukushika mkono, na mkono wenyewe huna, fuata hatua hizi.

1. Tafuta kijito kwanza

Hapa ndipo wengi hukwama, maana Goma haina kijito. Mvua tunayo, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, nayo yamejaa matundu na nyufa. Maji yakianguka mtaa wa Ndosho huzama papo hapo, hupita chini ya miguu ya watu na kuibukia kwenye chemchemi za ufukweni. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulimwaga tabaka jingine katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021 ukatukumbusha tena nani mwenye parseli. Mtaro wa barabarani usikudanganye: saa hii una maji, saa ijayo una chupa za plastiki. Maji yanayotembea mjini yamo ndani ya bidoni za njano juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, na hayo yana mwenyewe.

2. Pima mwili kabla ya kuchagua nyumba

Elekea magharibi, pita Sake, panda Masisi. Huko vijito vipo, na hakuna anayekuuliza kabila wala kadi ya uchaguzi. Unaulizwa umbo tu. Maji ya mteremko ni baridi na yana oksijeni tele, ila humsomba kila asiye na pa kushika. Inua jiwe pale yanapotoa povu. Ukibahatika utamkuta kambale mdogo, bapa, tumbo limegandamana na mwamba, mapezi ya kifua yametandazwa kushoto na kulia. Wataalamu humwita Amphilius kivuensis. Kama wewe ni mnene wa ubavu, usimwige. Shuka bondeni maji yanapotulia. Lakini huko joto hupanda, oksijeni hupungua, na wanaostawi ni kambale wenye kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Kama huna kiungo hicho, usitie sahihi.

3. Jiandae kwa majirani

Siku hizi mashamba yanateremka hadi ukingoni. Mvua moja tu, kijito kimekuwa tope. Tope huziba mianya kati ya mawe, ambamo mlikuwa mnataga na kuwinda wadudu, kisha huhamia kwenye matamvua yenu. Ukimlalamikia mwenye shamba atakujibu kwamba naye hana pengine pa kulima. Anasema kweli, ndiyo maana kesi yako haitaisha.

4. Ziwani, usipange ghorofa ya chini

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atakusifia Ziwa Kivu: kina karibu mita 485, nafasi ya kumwaga. Hatakuambia kwamba oksijeni inaishia kwenye mita 60 au 70 hivi. Kuanzia hapo kwenda chini ni kaboni dioksidi na methani zilizoyeyuka majini. Kule Karongi, Rwanda, wanaivuta methani hiyo kufua umeme. Wewe hutavuta hata pumzi moja.

5. Ikibidi, ubebwe

Ziwa Tanganyika lina mamia ya aina za samaki. Kivu haifikishi 30. Zamani maji ya upande huu yalikwenda kaskazini, Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikafunga njia. Yakafurika kusini kupitia Ruzizi, mto unaoteremka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika. Kisamaki gani ataupanda? Hata sambaza, yule dagaa wa Kivu, hakuupanda. Alibebwa na watu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akamwagwa Kivu, na leo soko zima la Kituku linamtegemea. Ila usijidanganye kwamba mbeleko ilitosha. Alikuta maji ya wazi yamejaa vijidudu visivyo na mlaji, navyo ndivyo chakula chake. Kwenye maofisi yetu aliyebebwa hupewa kiti hata kama hakimfai. Majini, asiyefaa hufa kabla ya kuapishwa.

6. Kama bado unang'ang'ania mji

Njoo usiku, ufuate taa. Utapokewa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na wavuvi wanaoimba vizuri sana. Wavu uko chini ya wimbo.

7. Ushauri wa bure

Baki kwenye jiwe lako. Ukimwona mtu anaacha majani na miti isimame kando ya kijito, akalima hatua chache mbali na maji, mheshimu: kivuli kinapoza maji, mizizi inazuia tope, na wadudu wanaodondoka majini ni posho yako. Huyo ndiye mwenye nyumba wa kupangia. Kodi hadai kwa dola. Anachotaka ni unenepe.